Slabu ya C25 karibu na bahari, Tanga: ndoo ngapi, maji kiasi gani, na fomu zifunguliwe lini?

kijana_wa_ngamiani

Wakuu, habari za humu. Najiandaa kusajili kampuni kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi, upande wa majengo, daraja la saba. Makaratasi nayaweza, kinachonitatiza ni zege. Kila fundi ana ratio yake na kila mmoja anaapa kwamba ndiyo sahihi. Wa mwisho ameniambia mfuko mmoja, toroli mbili za mchanga, toroli tatu za kokoto, "maji mpaka liteleze".

Mchoro unasema slabu ya ghorofa mita 9 kwa 6, unene sentimita 15, zege C25 (nguvu ya newtoni 25 kwa milimita ya mraba). Kiwanja kipo Raskazone, bahari unaiona. Naomba mnisaidie: vipimo kwa mfuko mmoja, maji lita ngapi, mifuko mingapi kwa slabu nzima (bimu nitazihesabu mwenyewe), na fomu (mbao zinazoshikilia zege mpaka likomae) zitolewe lini. Halafu kuna kisima hapo hapo kiwanjani, maji yake yana chumvi kidogo. Fundi anasema hayana neno.

mtaalamu_wa_kokoto

Mkuu, kwanza iache toroli ifanye kazi ya kubebea tu. Toroli iliyojazwa kichuguu inachukua lita 60 hadi 65, na hakuna vibarua wawili wanaoijaza sawa. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Sasa piga hesabu ya huyo fundi: lita 130 za mchanga na 195 za kokoto kwa lita 35 za saruji ni karibu 1:4:6. Hilo ni zege la blaindingi, tabaka jembamba la kusawazisha ardhi chini ya msingi, si la kumlaza mtu juu yake.

Mwambie seremala akuchongee boksi lisilo na kitako, ndani liwe sentimita 30 kwa 30, kimo 39. Ujazo wake ni lita 35, sawa na mfuko mmoja. Linajazwa, linasawazishwa juu kwa ubao, linanyanyuliwa. Kwa C25 uwiano wa kuanzia ni 1:1½:3, yaani mfuko mmoja, boksi moja na nusu la mchanga, maboksi matatu ya kokoto za robo tatu ya inchi. Ukilazimika kutumia ndoo za lita 20, changanya mifuko miwili kwa mkupuo: mchanga ndoo tano na robo, kokoto kumi na nusu, zote zikiwa zimesawazishwa mdomoni. 1:2:4 waliyoizoea wengi iache kwenye jamvi la chini na kazi nyepesi.

Mita moja ya ujazo ya 1:1½:3 inakula mifuko 8, mchanga mita 0.42 na kokoto mita 0.84. Slabu yako ni 9 × 6 × 0.15, yaani mita za ujazo 8.1. Hiyo ni mifuko 65. Weka 68 kwa sababu ya upotevu. Mchanga agiza mita 4 na kokoto 7.5, maana lori halipimwi kwa boksi na chini hubaki tope usilotaka kulichota.

Maji ndiyo roho ya swali lako. Lita 25 kwa mfuko, usizidishe, na humo humo umeshahesabu maji yaliyomo kwenye mchanga. Mchanga wa mto ulioletwa jana unaweza kuwa na unyevu wa asilimia 5. Boksi moja na nusu hapo limeshakuletea lita 4, kwa hiyo unaongeza 21 tu. Vibarua wanapenda zege linalotembea lenyewe. Ukiwaruhusu waongeze lita 5 kwa kila mfuko, nguvu inashuka kwa karibu robo, na hakuna plasta itakayoirudisha.

Jambo jingine linalosahaulika: mchanga mbichi huumuka. Chembe zinashikana na maji na kuacha nafasi katikati, ujazo unaongezeka hata kwa asilimia 20 au 25. Boksi limejaa lakini mchanga wenyewe ni pungufu. Kulipima ni rahisi. Jaza mchanga mbichi kwenye chombo chenye kuta zilizonyooka, pima kimo, umwage pembeni. Tia maji nusu ya chombo, urudishe mchanga humo huku unakoroga, upime tena. Kimo kilichopungua ndicho ulichokuwa unadanganywa.

binti_wa_maabara

Kaka, nakubaliana na ya juu yote ila kwa Raskazone nina pingamizi. C25 inaweza kubeba mzigo wa hiyo slabu, sawa, lakini mzigo si tatizo pekee hapo. Upepo wa bahari unaleta chumvi, na chumvi ikifika kwenye nondo inavunja ile kinga ambayo zege huipa chuma. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, zege linapasuka kwa ndani na kumeguka kwa vipande. Kwa jengo lililo kwenye hewa ya bahari, kanuni ya zege ya Ulaya, EN 206, inataka angalau C30/37 (nguvu 30 kwenye silinda, 37 kwenye kyubu), uwiano wa maji kwa saruji usiozidi 0.50, na saruji isiyopungua kilo 300 kwa mita ya ujazo. Mrudie injinia aliyesaini mchoro umuulize, tena kwa maandishi. Usibadilishe mwenyewe, na usinyamaze.

Na tafadhali, jibu lisiwe kuongeza mifuko. Ukienda 1:1:2 unafika mifuko 11 kwa mita, zege linapata joto na linasinyaa, linajichora nyufa. Peleka mchanga na kokoto zako maabara wakupangie mchanganyiko, tumia saruji ya daraja la nguvu 42.5 badala ya 32.5, na dawa ya kulainisha zege badala ya maji.

Kava, yaani unene wa zege linalofunika nondo: mchoro ukiwa na milimita 20 ya ndani ya nyumba, kwa hewa ya bahari haitoshi. Kima cha chini ni 35, na unaongeza 10 kwa ajili ya makosa ya kazi, kwa hiyo biskuti, vile vipande vya kuinulia nondo kutoka kwenye fomu, ziwe za milimita 45. Zimwage kwa zege lile lile la kokoto ndogo au kwa mota nzito ya 1:2, zikae majini siku kadhaa. Vipande vya vigae, kokoto na vibao havifai. Ubao unaoza, na tundu lake ni mlango wa chumvi. Ncha za waya wa kufungia zipinde kuelekea ndani, maana ncha inayogusa fomu itaota kutu hata kama nondo yenyewe iko salama.

Maji ya kisima: hapana. Ukiyaonja ukasikia chumvi, kwenye zege lenye nondo hayaingii, na kumwagilia pia hayafai. Mchanga wa ufukweni vivyo hivyo, hata ukioshwa na mvua. Kokoto za matumbawe zina vitundu vinavyonyonya maji na vimebeba chumvi ndani. Wazee wa pwani walijengea mawe ya matumbawe na chokaa na kuta zikasimama, lakini kuta zile hazikuwa na chuma ndani.

mzee_wa_ringi

Kuonja tu hakutoshi, binti yangu. Ulimi wa mtu wa pwani umeshazoea. Chukua chupa ya maji upeleke ipimwe kloridi, si ghali.

Na nondo usinunue kwa macho. Uzito wa mita moja ni kipenyo zidisha kwa kipenyo, gawa kwa 162. Nondo ya milimita 12 ni kilo 0.89 kwa mita, kwa hiyo ya mita 12 haipungui kilo 10 na nusu hivi. Beba mizani dukani. Ya 10 ni kilo 7.4, ya 16 ni karibu 19. Ikija nyepesi sana, irudishe kabla lori halijaondoka.

kijana_wa_ngamiani

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Kwa zege nitapata mixa na poka moja (mashine ya kutetemesha zege). Nitajuaje pale pale kwamba limetoka sawa, kabla ya siku 28? Na la fomu bado.

mtaalamu_wa_kokoto

Slampu, kipimo cha ulaini wa zege bichi. Koni ya chuma kimo milimita 300, chini 200, juu 100. Unajaza kwa matabaka matatu, kila tabaka unalichoma mara 25 kwa fimbo ya milimita 16, unaisawazisha, unainyanyua wima polepole. Kwa slabu yenye poka zege lishuke milimita 50 hadi 100. Likibomoka upande mmoja, rudia. Likishuka 150 na hukutia dawa, mtu ameongeza maji, mtafute kwenye mixa.

Poka moja ni kamari. Ikizima katikati ya slabu una ungio ambalo hukulipanga. Azima ya pili. Ichomeke wima kila nusu mita, sekunde 5 hadi 15 mpaka mapovu yaishe na uso ung'ae, kisha itoe taratibu tundu lijifunge. Usiitumie kusukuma zege kwenda pembeni. Kokoto zinabaki nyuma na uji unatangulia. Kwa jua la kaskazi, lililochanganywa litumike ndani ya dakika 45 hivi, na lililoanza kukaza usilifufue kwa maji.

Angalia sana nondo za juu kwenye baraza linaloning'inia. Vibarua wanazikanyaga, zinashuka katikati ya slabu, na baraza linapasuka kwa juu pale linapoungana na bimu. Weka viti vya chuma na njia za mbao za kupitia matoroli.

binti_wa_maabara

Kyubu, yaani vipande vya zege vya pande sawa vinavyovunjwa maabara, siyo slampu pekee. Chukua sita za milimita 150 kutoka sehemu tofauti za kazi, tatu zivunjwe siku ya 7 na tatu siku ya 28. Zikae kwenye kivuli siku moja, kisha majini. Siku ya 7 tarajia karibu theluthi mbili za nguvu, au pungufu kidogo kama saruji ina mchanganyiko mwingi. Kwa C25 kyubu isivunjike chini ya kilonewtoni 562. Kabla ya kuivunja ipime: iwe na kilo 8 hivi. Ikiwa na kilo 7.5, ina hewa ndani, haikushindiliwa. Namba ya kyubu, tarehe, hali ya hewa na sehemu iliyomwagwa viandikwe kwenye daftari la saiti siku hiyo hiyo. Mzozo ukitokea na mwenye nyumba, daftari ndilo litakalokusemea.

Kumwagilia: siku 7 ni kima cha chini, kwa saruji za mchanganyiko fanya 10 au zaidi. Slabu inakubali vijaruba vya mchanga pembezoni, maji yatuame sentimita 3 au 4. Nguzo na bimu funga magunia yaliyolowa. Nyufa nyembamba za saa chache za kwanza zinatokana na upepo na jua kukausha uso, kwa hiyo turubai litangulie, maji yafuate zege likishakaza.

mzee_wa_ringi

Fomu: za ubavuni siku moja inatosha. Chini ya slabu mirunda ikae siku 14, chini ya bimu 21, baraza linaloning'inia 28. Katika kutoa anzia katikati ya slabu ukielekea kwenye kuta. Kwenye baraza anzia ncha iliyo huru ukirudi kwenye bimu. Na usitoe yote kisha ukarudisha michache kwa kuogopa, maana slabu imeshalegea kabla hujairudishia.

Kabla hujamwaga, injinia aje aone nondo na kava, asaini. Akichelewa, zege linasubiri.