Tupeane uzoefu: mlishirikishwa kuanzisha hifadhi, au mliitwa tu kusaini mahudhurio?

Mjumbe wa Kamati
Ndugu zangu, jana nimepita kwenye bango la hifadhi inayopakana na mashamba yetu, nikakuta limepakwa rangi upya na kuongezewa maneno "Inasimamiwa kwa ushirikiano na jamii". Nilisimama pale nikajiuliza jamii hiyo ilikaa kikao lini. Huu ni mwaka wangu wa 6 katika kamati ya maliasili, na kwa muda wote huo tumeitwa kusikiliza mipango iliyokwisha kuandikwa, wala hatujaulizwa hata mara moja mpaka upite wapi au njia ipi ya mifugo iachwe wazi. Naomba wanaoishi au kufanya kazi kando ya hifadhi, iwe ya msitu, ya wanyama au ya bahari, waeleze kwao ilikuwaje.

Binti Mvuvi
Sisi wa pwani tulikataa mara 2 kufunga miamba yetu. Kilichotulegeza ni habari za Andavadoaka, Madagaska, ambako mwaka 2004 wanakijiji walianza kufunga kwa miezi michache eneo la kuvulia pweza, na kwa kuwa pweza hukua upesi sana, walipolifungua walikuta wakubwa zaidi. Tukaamua kujaribu kwa mwamba mmoja mdogo. Waliouchagua ni wanawake wanaovua kwa miguu wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu wao ndio wanaojua kila shimo, na zamu za usiku tulizipanga wenyewe.

Mkulima wa Mpakani
Nakubaliana nawe, dada. Mpaka uliouchagua mwenyewe huhitaji kukumbushwa kuulinda.

Katibu wa Zamani
Nimesoma maneno "kusaini mahudhurio" na usingizi umenipaa, kwa sababu daftari la kwetu nililibeba mimi. Nilikuwa kijana aliyetoka shuleni, nikapewa ukatibu wa kikao. Wageni walitandaza ramani mezani na kuzungumza kwa saa 2 kuhusu vyura na ndege wasiopatikana kwingine, na walisema kweli, maana vyura hao nimewaona kwa macho yangu. Chemchemi haikutajwa na mtu yeyote. Mwishoni nilipitisha daftari, watu 84 wakaandikwa, na wasiojua kuandika niliwashika mkono mmoja mmoja wakaweka dole gumba. Baada ya miezi 7 walinzi walikuja na nyaraka, nikaona karatasi zangu zilezile zimebanwa nyuma ya ukurasa wenye kichwa "Ridhaa ya Wanakijiji". Chemchemi ilikuwa imeingia ndani ya mpaka, mwendo wa dakika 10 hivi. Mama mmoja mzee, jirani yetu, alikamatwa huko akiwa na ndoo yake. Alipoonyeshwa alama ya dole gumba lake hakumtazama mlinzi, alinitazama mimi. Ilituchukua miaka 4 ya barua na safari kupata ruhusa ya kuteka maji, na ruhusa hiyo ilipofika mama yule alikuwa amekwisha kufariki.

Mama wa Vikoba
Pole sana, ndugu katibu. Kwetu pia mahudhurio yaligeuzwa kuwa ridhaa.

Mlinzi wa Doria
Nimeisoma habari hiyo kwa uchungu. Hata hivyo, nina miaka 11 ya doria, nimetegua mitego ya waya isiyohesabika, na mwenzangu alipigwa mshale akiwa kazini. Si kila anayeingia hifadhini anafuata maji.

Mkulima wa Mpakani
Hakuna aliyehalalisha mitego, afande. Tembo walimaliza mahindi yangu usiku mmoja, tukapiga simu, hamkuja hadi jua lilipokuwa juu, na fidia mpaka leo sijaiona. Anayetega nyuma ya nyumba yangu namjua. Zamani mlipokuwa mkija tukiwaita, nilikuwa nawatajia majina.

Mlinzi wa Doria
Hilo la kuchelewa nalikubali. Gari tunalo moja, na maombi ya kuongezewa tunaandika kila mwaka.

Afisa Misitu Mstaafu
Mkiitwa, ulizeni kwanza mapato yanagawanywaje. Nchini Nepali, sheria ya misitu ya 1993 ilikabidhi misitu kwa vikundi vya watumiaji, na jamii zinazozunguka hifadhi za taifa hutengewa kati ya 30% na 50% ya mapato ya hifadhi. Pia Makubaliano ya Kunming-Montreal ya Desemba 2022, ambayo ni ya mataifa kuhusu kulinda viumbe hai, yanayotaka 30% ya nchi kavu na bahari ihifadhiwe ifikapo 2030, yanataka katika shabaha hiyohiyo haki za jamii za mahali ziheshimiwe. Wakiwasomea asilimia, waombeni wasome na sehemu iliyobaki.

Mama wa Vikoba
Mzee wangu, kwetu fedha zilitangulia na ndizo zilizotuvunja. Kamati ilikuwa ya wanaume watupu, hesabu haikusomwa hadharani, na sisi tunaoingia msituni kutafuta kuni tulisikia mgao umekwisha. Anzeni na nani anakaa mezani.

Binti Mvuvi
Mimi nasema msisaini chochote.

Afisa Misitu Mstaafu
Ukigoma kabisa, binti yangu, mpaka utachorwa na aliyehudhuria. Saini, ila kila ukurasa uwe na kichwa kinachoeleza saini hizo ni za nini, na nakala ibaki kijijini siku hiyohiyo.

Katibu wa Zamani
Sentensi moja juu ya daftari ingetosha: "Majina haya ni ya waliohudhuria, hakuna jambo lililokubaliwa leo."

Mjumbe wa Kamati
Tuna kikao Alhamisi. Nimeinakili sentensi hiyo, na nimemwomba mzee anayezijua chemchemi zetu zote aje akae karibu na ramani.