Friji inapiga shoti ikiwa kwenye inveta: niunge ethi au nyutro?

Kiwira_Juu: Wakuu, habari za jioni. Nipo Tukuyu. Nina inveta ya wati 3000, volti 24, betri mbili za 200Ah. Friji imechomekwa moja kwa moja kwenye inveta, na ukiigusa pekupeku inatekenya. Fundi ameunga bodi (kasha la nje) ya inveta na kipande cha nondo kilichopigiliwa nusu mita nje ya ukuta. Mwingine anasema niunge nyutro (waya wa kurudishia umeme) na ethi (waya wa ardhini) kwenye soketi. Nimfuate nani? Waya wa betri ni 16 mm² na unapata moto.

Fundi_Uyole: Mkuu, anza na huo waya wa betri, huo ndio utaunguza nyumba. 3000 gawanya kwa 24 ni ampea 125. Betri ikishuka hadi volti 22, ukijumlisha na kinachopotea ndani ya inveta, unafika 150. Weka shaba ya 50 mm², isizidi mita moja na nusu, na lagi (vichwa vya kuungia waya kwenye betri) zibanwe kwa mashine, siyo nyundo. Lagi iliyolegea inapata moto kuliko waya wenyewe. Fyuzi ya DC ya ampea 200 ikae kwenye chanya, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Breka za AC za ukutani hazifai hapo, cheche ya DC haizimiki kirahisi.

Nondo itoe. Inashika kutu, na ikifika Agosti udongo wa juu umeshakauka. Pigilia rodi ya ethi ya shaba, mita 1.5, kisha iunge na rodi ya nyumba kwa waya wa 16 mm². Usiache rodi mbili zisizounganishwa: radi ikipiga karibu zinatofautiana volti, na tofauti hiyo inapitia kwenye vyombo vyako.

Umeme_Mafinga: Naongezea upande wa nyutro, maana wengi wanapotelea hapo. Rodi peke yake haikulindi. Umeme unaovuja unatafuta kurudi kwenye chanzo chake, na chanzo hapa ni inveta, siyo ardhi. Nyutro ya inveta isiposhikwa na ethi, laivu (waya wenye umeme) ikigusa bodi hakuna njia ya kurudi, kwa hiyo RCD (breka inayokata umeme ukivuja) haikati. Kitufe chake cha kujaribia kisikudanganye, kinakata hata ethi isipokuwepo kabisa.

Pima kwanza. Zima TANESCO, washa inveta, mita iwe kwenye AC. Nyutro na ethi zikisoma karibu sifuri, laivu na ethi 230, basi imeshaungwa ndani, usiongeze kitu. Zikisoma kama 115 kila upande, haijaungwa, fungua kitabu cha inveta. Baadhi ya inveta za bei nafuu, hasa zisizotoa wimbi safi, ukiunga nyutro na ethi unalipua transista hapo hapo. Kitabu kikiruhusu, unga sehemu moja tu, kabla ya RCD ya 30 mA, kamwe siyo kwenye soketi. Na kama inveta inapitisha TANESCO umeme ukirudi, usifunge waya wa kudumu. Hapo inatakiwa rilei (swichi inayojigeuza yenyewe) ya ndani inayounga wakati wa betri na kuachia TANESCO ikirudi.

Kiwira_Juu: Nimepima: 112 na 118. Kitabu hakisemi lolote. Na nikitaka kuwasha taa za nyumba nzima?

Umeme_Mafinga: Basi usiunge nyutro. Unga bodi ya inveta na rodi, chomeka friji peke yake. Hakikisha plagi ni ya pini tatu na adapta haijakata ethi: mita kwenye omu, kutoka bodi ya friji hadi bodi ya inveta, isome chini ya 1. Kutekenya kutaisha. Kwa nyumba nzima hiyo inveta haifai, tafuta yenye rilei.

Fundi_Uyole: Na iwe na chenjiova (swichi ya kuchagua TANESCO au inveta) inayokata laivu na nyutro kwa pamoja, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Ule waya wenye plagi pande zote mbili, wa kuingiza umeme wa inveta kwenye soketi ya ukutani, usiutumie kabisa, tafadhali. Umeme wako utatoka hadi kwenye transfoma ya mtaa, upandishwe kuwa maelfu ya volti, na juu ya nguzo kuna mtu anayeamini laini imezimwa.

Kiwira_Juu: Ndaga fijo (asanteni sana), wakuu. Kesho nabadilisha waya na fyuzi, rodi inafuata.