Msaada: mashine ya kuoshea kabureta, nichukue au niache?

Fundi wa Unga
Wakuu, habari za jioni. Nina gereji ndogo ya pikipiki na bajaji hapa Unga Limited, Arusha. Kazi inayoniingizia zaidi ni kuosha kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, maana vumbi la barabara za huku haliishi. Naosha kwenye beseni kwa brashi, na ikifika jioni kiuno hakinyooki. Sasa nimepata mashine ya mtumba: tangi la bati, pampu, mpira wa kunyunyizia, na hita chini yake. Jamaa anataka laki sita na nusu. Je, itanilipa? Usiku sipati usingizi nikipiga hesabu. Naomba wenye uzoefu mnisaidie.

Spana 13 Moshi
Mkuu, mashine baadaye. Kinachoua kabureta ni mafundi kuzibua jeti, vile vitundu vidogo vya kupimia petroli, kwa waya wa chuma. Jeti ni shaba nyeupe laini, ukichokonoa tundu linapanuka. Mteja anaondoka anafurahi, baada ya siku mbili anarudi pikipiki inakunywa mafuta na plagi nyeusi tii. Tumia uzi mmoja wa waya wa umeme, ule wa shaba nyekundu, halafu puliza kwa upepo. Niko Pasua, nimeona jeti zilizopanuliwa mpaka huruma.

Baba Neema
Umenikumbusha mbali. Pikipiki yangu ilitoka kwa fundi, ukiachia resi inazima. Nilizimikiwa Kwa Mrombo saa mbili usiku nikiwa na abiria mjamzito. Tuliisukuma mpaka akapatikana msamaria mwenye gari. Mafundi mjue mnashika maisha ya watu, siyo vyuma tu.

Chalii wa Sakina
Osha na kostiki soda mwanangu, inatoka inang'aa.

Spana 13 Moshi
Hapana, usimpoteze mwenzio. Mwili wa kabureta una aluminiamu na zinki. Kostiki inaula mpaka unatoa mapovu, unatoka mweusi wenye vishimo. Hapo huna kabureta tena.

Mama Ritha
Fundi wa Unga, mbona hujasema unaosha kwa kitu gani? Na hiyo mashine utaitia nini ndani? Hapo ndipo jibu lilipo.

Fundi wa Unga
Samahani dada, niliona siyo muhimu. Natumia petroli. Siyo ya kununua, ni ile chafu ninayomwaga kwenye matenki ya wateja, kwa hiyo gharama hakuna. Kwenye mashine nitatia hiyohiyo. Kishika uchumba nimeshatoa, laki mbili, kwa hiyo kuacha siyo rahisi kama mnavyodhani. Na hapa ni Arusha, mwezi huu wa saba baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Petroli hairuki hovyo kama Dar.

Mama Ritha
Hita. Na petroli. Tangi moja. Kaka, soma tena ulichoandika.

Mzee Kapi
Kijana wangu, mimi nimefanya kazi gereji tangu enzi za Land Rover za petroli. Nikueleze taratibu. Petroli inatoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Baridi ya Arusha kwake ni joto. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hauendi juu, unatambaa sakafuni kama maji mpaka ukutane na cheche. Kompresa yako ya upepo iko wapi? Ile swichi yake inatoa cheche kila inapojiwasha na kujizima. Hata mafuta ya taa, ambayo ni afadhali mara nyingi, usiyapashe. Yakifika nyuzi 38 hivi na kuendelea nayo yanaweza kuwaka kwa cheche. Ya baridi, kwenye beseni la bati lenye kifuniko, nje penye hewa, sawa.

Fundi wa Unga
Shikamoo mzee. Nimekusikia. Gereji yenyewe ni kontena, na kompresa iko humohumo, hatua tatu hivi kutoka kwenye beseni. Lakini miaka minne nafanya hivyo na hakijatokea kitu. Nikibadili sasa nitaonekana sijui kazi. Isitoshe anayeosha siku hizi siyo mimi, ni mtoto wa dada yangu, na ni mwepesi kuliko mimi. Tatizo lake ni kichwa tu, jioni analalamika kizunguzungu. Milango tunaiegesha kwa sababu ya baridi.

Chalii wa Sakina
Mpe maziwa dogo, yanatoa sumu yote.

Nesi Kilimanjaro
Maziwa hayatoi mvuke wa petroli mwilini, tafadhali tusidanganyane. Kizunguzungu kinamaanisha anavuta hewa mbaya kwenye kontena lililofungwa. Atoke nje sasa hivi, na apelekwe hospitali akaangaliwe. Petroli ina benzini, inaharibu damu ukiivuta miaka na miaka, na inaleta saratani. Mikono yake ikoje? Na naomba mtu asimfundishe kuvuta petroli kwa mdomo na mpira. Akimeza msimtapishe, maana ikirudi inaweza kuingia kwenye mapafu. Nimewapokea watu wa namna hiyo wodini, wanahema kama samaki aliyetolewa majini.

Fundi wa Unga
Mikono imechubuka kwenye vidole, ngozi nyeupe inabanduka. Nilidhani ni baridi.

Jicho Kali
Wakuu, mnachoshwa bure. Hadithi hii imetungwa. Kwanza alikuwa peke yake na kiuno kinamuuma, sasa ametokea mtoto wa dada. Kwanza petroli haikuwa muhimu, sasa dogo anaumwa. Kesho ataleta picha ya mashine na namba ya muuzaji. Nimeona nyuzi za hivi nyingi, mwisho wake ni tangazo.

Baba Neema
Hata mimi nilihisi. Mashine yenyewe haina hata jina.

Fundi wa Unga
Siuzi kitu, na nimeumia kusoma hivyo. Nilisema "naosha" kwa sababu gereji ni yangu na aibu ni yangu. Jina la mashine silijui, kibao kimekwaruzika. Ni ya rangi ya bluu iliyofifia, kifuniko kina bawaba moja, nyingine imefungwa kwa waya. Pembeni ya swichi kuna stika, mchoro wa moto umekatwa mstari mwekundu. Niliuona. Muuzaji aliniambia ni wa kawaida, kila mashine inao.

Mama Ritha
Basi stika ndiyo ilikuwa inakujibu tangu mwanzo. Mashine hiyo ni ya maji na sabuni.

Mzee Kapi
Jicho Kali, mwache. Mtu hatungi waya kwenye bawaba. Kijana, kama fedha hairudi, ichukue, ila uitumie inavyotakiwa. Fungua kabureta yote, toa boya, sindano, oringi na ule mpira mwembamba wa juu. Maji ya nyuzi 50 mpaka 60 na sabuni ya kuondoa grisi isiyo na kostiki. Suuza, puliza kila tundu papo hapo, na dogo avae miwani, maana upepo unarusha uchafu machoni. Maji yakilala kwenye bakuli la boya utakuta unga mweupe asubuhi. Ule utando wa gundi wa petroli iliyolala hautatoka kwa sabuni, huo tumia dawa ya kopo ya kusafishia kabureta, nje, kidogo.

Fundi wa Unga
Nimesoma yote mara mbili. Petroli nimeitia kwenye galoni la chuma lenye mfuniko, liko nje nyuma, mbali na kompresa. Muuzaji amekataa kurudisha laki mbili, kwa hiyo kesho naifuata mashine, na kabureta ya kwanza kuosha ni yangu mwenyewe, siyo ya mteja. Dogo amelala kwa mama yake, Ngarenaro. Nimempigia sasa hivi, anasema kichwa kimetulia. Dada hajapokea simu yangu bado. Kesho saa mbili nampeleka hospitali.