Ushauri wakuu: nikirekodi vituko vya nyumbani, kicheko kinapotea

Kijana wa Tandika:
Wakuu habari za jioni. Jumamosi usiku kuna bethdei ya mtoto hapa nyumbani, sebuleni watakuwa watu kama ishirini. Nataka klipu za watoto wakipakana keki, na pranki ya nyoka wa plastiki kwa mashemeji. Shida yangu: picha inacheza watu wakianza kucheka, sauti inakwaruza, na tukio lenyewe linapatikana nusu. Simu ni Android ya kawaida, maiki ya nje sina. Nifanyeje?

FundiKlipu:
Mkuu, kwanza usiishike simu. Anayerekodi akicheka mkono unatetemeka, na mdomo wake ndio uko karibu na maiki kuliko wa mtu mwingine yeyote. Kama huna stendi, tia nusu kilo ya maharage kwenye soksi, funga, ibonyeze katikati, simu ikae humo juu ya kabati. Umbali wa mita mbili unatosha.

Kuhusu kukwaruza: chumba kikiwa kimya, simu huongeza yenyewe usikivu wa maiki. Ukelele ukilipuka hapo, sauti inachanika, na ikishachanika hata ukiipunguza baadaye unabaki na mkwaruzo wa chinichini. Kwa hiyo usiwanyamazishe watu, waache wapige soga. Simu isikae chini ya pangaboi. Na spika ya muziki izime kabisa dakika hizo, maana TikTok au YouTube wanaweza kuifyeka sauti yote kwa sababu ya hakimiliki, kicheko kikaenda nacho.

Mama Chanja:
Kwenye nyoka wengi wanakosea wapi kamera itazame. Nyoka hachekeshi, sura ya shemeji ndiyo inayochekesha. Elekeza simu usoni kwake akiwa amekaa, nyoka aonekane kona ya chini tu. Funga mshipi wa kuvulia nyuma ya kichwa cha nyoka, mita tatu, vuta polepole kisha simama kidogo, vuta tena. Kwenye vigae anateleza vizuri, kwenye zulia ananasa na anapinduka tumbo juu, pranki imekufa.

Usimfanyie mwenye presha, mjamzito, wala mtu aliyebeba chai au mtoto. Ngazi na jiko viwe mbali.

Kijana wa Tandika:
Asante dada. Je, unga juu ya pangaboi, kisha mtu awashe?

Mama Chanja:
Hapana mdogo wangu. Unga unaingia machoni, na mishumaa ya keki ikiwa inawaka, vumbi la unga hewani linaweza kulipuka moto. Weka vipande vya karatasi laini, kiganja kimoja kwa kila panga. Kasi ya pangaboi anzia namba 3. Namba 1 zinadondoka moja moja, 5 zinarushwa ukutani kabla mtu hajainua uso.

Mpiga Picha Kariakoo:
Naongezea. Usiku tumia 1080p, fremu 30 kwa sekunde. Fremu 60 inafaa mchana kama utataka kupunguza kasi. Usiku, kwa fremu 60 kila fremu inapata mwanga kidogo, picha inajaa chenga. Dakika moja inakula kama MB 130 kwa simu nyingi, kwa hiyo acha GB 4 wazi. Futa lenzi, mafuta ya pilau hayana adabu. Kisha, kwenye kioo cha simu, bonyeza uso wa mhusika bila kuachia mpaka fokasi ijifunge, la sivyo kamera itahangaika watu wakipita.

Usiwahi kuzima! Anayeishiwa pumzi mara nyingi si aliyefanyiwa, ni shangazi wa pembeni, na anaanza sekunde kumi baadaye. Acha simu iendelee nusu dakika nzima. Ukihariri, bakiza sekunde tatu kabla ya tukio ili mtazamaji aone utulivu, na usibandike vicheko vya kutengeneza. Vinaua cha shangazi.

FundiKlipu:
Kabla ya kuposti, mwonyeshe mhusika klipu akishatulia na upate ridhaa yake. Kwa mtoto, mzazi wake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, si suala la undugu tu. Mtoto akiwa na sare yenye nembo ya shule, klipu hiyo usiiposti.

Kijana wa Tandika:
Nimewaelewa. Kwenye grupu la familia WhatsApp inaifubaza video, je?

Mpiga Picha Kariakoo:
Itume kama dokumenti, usipitie kwenye galari. Inafika ilivyo, mwisho GB 2. Bando la wapokeaji ndilo litakalolia.