Fomu za ufadhili wa MBA zinauliza wazazi watanipa nini. Hakuna hata moja inayouliza mimi nawapa nini!

Wakuu, povu ruksa, maana na mimi leo nimekuja na langu.

Chuo nimepata. MBA, yaani uzamili wa biashara, ya mwaka mmoja, Ulaya, chuo chenye jina, barua ninayo. Sikitaji kwa sababu bado naandikiana nao, na pia wenzangu walioomba kwingine wananiambia mambo ni yale yale. Kukosa pesa hakunishtui, nimezaliwa nako, tunajuana. Kinachonipandisha presha ni mtu aliyekaa ofisini huko kuniambia kwamba kwa hesabu zake yeye, pesa ninazo.

Mimi ndiye wa kwanza ukoo mzima kuvaa joho. Kwetu Newala. Mzee analima korosho, mama anakaanga maandazi na mihogo asubuhi. Nimesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, nikamaliza, nikasota kitaa kama wengi humu, mwisho nikapata kazi Dar kwenye kampuni ya mizigo. Mshahara ukiuangalia kwenye karatasi si haba. Lakini kabla sijaugusa kodi imepita, mfuko wa pensheni umepita, Bodi nao wamechota asilimia 15 ya mshahara wa msingi juu kwa juu. (Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, hapo nashukuru kwa dhati, maana ulikuwa unalipa deni huku linanenepa.)

Halafu kinachofika mkononi nacho kina wenyewe. Ada ya dada yangu chuo cha uuguzi, tena cha binafsi. Mdogo wangu yuko VETA, chuo cha ufundi. Dawa za presha za bibi. Msimu wa kupulizia dawa mikorosho ukifika, vibarua wa salfa na mafuta ya pampu ni mimi. Msiba ukitokea kijijini simu ya kwanza inaita kwangu, kabla hata ya shehe. Wenye maisha haya mnaelewa, wala sina haja ya kuendelea.

Sasa ndo uje kwenye fomu ya ufadhili.

Kuna kipengele: kiasi ambacho wazazi watachangia. Nikaandika sifuri. Fomu ikagoma, inataka maelezo. Nikaeleza. Kikaja kipengele cha wategemezi. Nikaanza kuwaorodhesha. Fomu haiwataki! Mtegemezi kwao ni mke au mume na watoto, basi. Dada, mdogo, bibi, wazazi, hao wote hawana hata kisanduku. Kwa hiyo kwenye karatasi yao mimi ni kijana asiye na mke wala mtoto, mwenye mshahara, ambaye kwa miaka yote hii alipaswa kuwa ameweka akiba. Barua yao ikasema hivyohivyo kwa lugha ya upole: wakiangalia kipato changu na hali yangu ya kutokuwa na familia, uwezo wangu wa kuchangia unaonekana ni wa kuridhisha.

Kutokuwa na familia! Mimi! Nikaisoma mara mbili nione kama wamekosea mtu.

Wakataka na ushahidi wa kipato cha wazazi. Ritani za kodi za miaka kadhaa. Mzee hajawahi kuona ritani maishani mwake, ila karatasi anazo nyingi kuliko wafanyakazi wa ofisi. Korosho zinapelekwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zinapimwa, zinaingia ghalani, mnada unafanyika, pesa inaingia benki kwenye jina lake. Kila kilo ina stakabadhi. Nikaziskani zote, nikatafsiri moja moja, nikaambatanisha na taarifa ya benki. Jibu likaja na swali: mbona akaunti inaonyesha fedha imeingia mara moja tu kwa mwaka, na ikatolewa karibu yote ndani ya muda mfupi? Ilihamishiwa wapi?

Ilihamishiwa wapi! Walidhani mzee ana akaunti nyingine Uswisi. Ilihamia kwenye deni la dukani kwa Mpemba, kwenye mahindi ya kula mpaka msimu mwingine, kwenye ada ya huyo dada ambaye fomu haimtambui. Mkulima wa korosho analipwa msimu, Oktoba kuelekea Januari, halafu anakaa. Ule msimu wa 2018/19, wa bei ya serikali ya shilingi 3,300 kwa kilo, mnaukumbuka, malipo yalichelewa, watu walikuwa na stakabadhi mkononi na mfukoni hakuna kitu. Mweleze hayo ofisa wa Ulaya kwa maneno yasiyozidi mia mbili, ndiyo nafasi waliyoniachia.

Na hadithi yangu waliipenda sana. Kwenye usaili niliwaambia nataka kurudi nianzishe ubanguaji kulekule, maana korosho zetu nyingi zinapanda meli zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na sisi tunabaki kununua pakiti supamaketi kwa bei ya kutisha. Walitikisa vichwa, mmoja akasema inagusa. Kwenye pesa haikugusa popote.

Najua wanakuja wale wa "mkuu fursa zipo kibao, omba tu". Haya tuziangalie. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, ni kitu kizuri na kuomba ni bure, silalamikii hilo. Ila kwa MBA wana kikomo, pauni 22,000 za ada. MBA ya Oxford ada yake inapita pauni 70,000. Hiyo tofauti unaitoa wewe mwenyewe. Kwa hela ya madafu ni nyumba, tena nyumba yenye uzio. Stanford wana ufadhili wao wa Waafrika, unalipa ada kwa watu wasiozidi wanane kwa mwaka. Wanane, kutoka bara lenye nchi 54! Harvard wao wanatoa msaada kwa kuangalia uhitaji, na hilo ni jambo la heshima, lakini ada ya mwaka wa masomo 2024/25 ilikuwa dola 76,410, karibu milioni 200 za kwetu, hapo hujala, hujalala, na mwaka wa pili bado. Samia Scholarship, ufadhili wa serikali yetu, ni ya wanaosoma sayansi. Mikopo ya Bodi nayo imejengwa zaidi kwa ajili ya digrii ya kwanza. Ukishaipata, unahesabiwa umeshatoka.

Na kabla hata ya ufadhili kuna pesa ya kuomba tu. GMAT, mtihani wa kuombea vyuo vya biashara, ni zaidi ya dola 200 kwa kuufanya mara moja. Mtihani wa Kiingereza unalipiwa peke yake, na matokeo yake yanakufa baada ya miaka miwili. Ada ya maombi kila chuo. Ukipata, unatakiwa kulipa kishika uchumba cha kushikilia nafasi ndani ya wiki chache, pesa isiyorudi, wakati majibu ya ufadhili bado! Yaani unaoa kwanza, mahari utaambiwa baadaye.

Benki zetu je? Nilienda. Mkopo wa mshahara unapewa ukiwa kazini, wanakata kwa mwajiri. Ukiacha kazi kwenda kusoma hakuna wa kumkata. Wakaniambia lete dhamana. Shamba la mzee lina mikorosho iliyopandwa na babu, lakini hati ni ya kimila, na ofisa mikopo aliishika kwa ncha za vidole. Kilichobaki ni kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba ya kuua, na huko siendi, nimeona kina mama majirani wakibebewa mpaka jiko la gesi.

Sasa hapa ndipo nacheka kwa hasira. Tuseme muujiza umetokea, ndugu na marafiki wamechanga. Kwa viza ya mwanafunzi ya Uingereza, pesa lazima ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Na akaunti iwe yako, ya mwenzi wako, au ya wazazi wako. Mjomba hahesabiki, labda awe mlezi wako kisheria! Nani katunga hii? Kwetu mwenye pesa ndiye mjomba. Baba ndiye tunayempelekea. Halafu hizo siku 28 ukae na mamilioni kwenye akaunti huku bibi anapiga kuomba ya dawa, umwambie nini, kwamba ipo lakini ni ya kuangalia? Bado ada ya viza, bado pauni 776 za huduma ya afya kwa kila mwaka, unalipa mbele kabla hujajua kama viza itatoka. Marekani nao ukiacha ada ya viza dola 185 kuna nyingine ya dola 350 ya kusajiliwa kwenye mfumo wao.

Kuchangisha kwenyewe. Nilifungua kundi la WhatsApp, nikateua mwenyekiti na mweka hazina kama kamati ya harusi, nikatuma barua ya chuo. Kimya. Ningekuwa naoa, ahadi zingejaa jioni ileile na mtu angeuliza ukumbi ni upi. Kuna aliyejibu, "digrii si unayo tayari, hii nyingine ya nini?" Kuna waliotuma kile walichokuwa nacho, na hao siwasahau, hasa walimu wangu wawili wa sekondari. Ila baba mkubwa ndiye aliyenimaliza. Alinipigia, hakuandika. Akasema, "Mwanangu, sisi tulichanga ukaenda chuo. Hiyo zamu imepita. Sasa ni zamu yako." Na mnajua kinachouma? Kwa upande wake yuko sahihi. Mimi ndiye mavuno. Mavuno hayaombi mbegu tena.

Nikajaribu kuchangisha mtandaoni. GoFundMe, tovuti ya michango, hawapeleki pesa benki ya Tanzania, lazima awepo mtu wako kwenye nchi wanazozikubali afungue kwa jina lake na kupokea yeye. Kwa hiyo hata kuombaomba kunahitaji uwe na ndugu majuu. Mtoto wa waliosoma anaye. Wa kwanza kwenye ukoo atamtoa wapi?

Wale wa "soma vyuo vya hapa nyumbani, Mlimani au Mzumbe, jioni baada ya kazi", nawasikia, na sidharau, bosi wangu amesoma huko na ananizidi akili. Lakini hiyo ada nayo inatoka kwenye mshahara uleule wenye wenyewe. Na kwa nini kila mara ni mtoto wa mkulima anayeambiwa aridhike na kilicho karibu? Wenye kina baba wanaoandika barua ya udhamini kwa mstari mmoja hawaambiwi hivyo.

Ninachotaka vyuo vifanye ni kitu kidogo, waongeze mstari mmoja tu kwenye fomu: kila mwezi unatuma nyumbani kiasi gani? Ushahidi upo, miamala yote iko kwenye simu, wakitaka ya miaka mitano nawapa. Waitoe hiyo kwenye mshahara kwanza, ndipo waniambie uwezo wangu ni wa kuridhisha.

Nimewaandikia kukata rufaa. Wanasema watajibu. Tarehe ya kulipa kishika uchumba wamekataa kuisogeza.

Mliopita njia hii bila mzazi mwenye jina, naomba mseme hapa. Lakini tafadhali, sitaki "usikate tamaa mkuu" wala "Mungu ni mwema". Niambieni pesa ilitoka wapi, shilingi ngapi, na nani alisaini.