Tamasha la watu 8,000 Kisumu, lango ni moja tu. Nishaurini

Kijana_wa_Mamboleo:
Wadau, hamjambo. Naomba ushauri kwa waliowahi kuandaa shughuli kubwa. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Kisumu. Desemba hii, watu wa Nairobi wakisharudi nyumbani, tunaandaa tamasha la muziki kando ya barabara ya Kakamega. Tunatarajia watu 8,000 hivi. Kiwanja kina ukuta pande zote na lango moja kubwa. Wenzangu wanataka tutumie hilo hilo, maana ukiacha mwanya wowote watu wanapenya bila tiketi, na pesa za wasanii lazima zirudi. Roho yangu inakataa. Mimi ndiye niliyepewa usimamizi wa uwanja na sitaki mtoto wa mtu aumie. Niwaambie nini waelewe? Na kwa vile bajeti ni finyu, nikate wapi?

Fundi_Mitambo:
Roho yako isikilize. Kaa nao chini mpige hesabu. Kuangalia tiketi na kumkagua mtu mmoja ni sekunde 6, tena mkiwa wepesi. Foleni moja basi inapitisha watu 600 kwa saa. Watu 8,000 ni zaidi ya saa 13! Wekeni foleni nne kwenye lango hilo, bado ni zaidi ya saa tatu, na watu wetu mnawajua: wanafika wote saa mbili usiku, msanii mkuu akikaribia kupanda. Wa nyuma wanasikia ngoma, wanasukuma. Wa mbele hawana pa kwenda. Wengi wanaokufa kwenye msongamano hawakanyagwi, hubanwa kifua wakiwa wamesimama wima mpaka pumzi ikatike.

Foleni ziwe nyingi, zitenganishwe kwa vizuizi vya chuma, na zianzie mbali. Tiketi iangaliwe mara ya kwanza huko nje, ili asiye nayo asifike langoni kabisa.

Mama_Tiketi:
Nauza tiketi za shughuli hapa na Nakuru. Kaka, usitegemee kulipisha kwa M-Pesa langoni. Maelfu ya simu zikikusanyika mahali pamoja mtandao unalemewa. Mtu anakuonyesha skrini, "nimetuma", kwako hakuna kilichoingia, mnaanza kubishana, na nyuma yenu foleni imesimama. Uzeni mapema, na bei ya mapema iwe nafuu kweli, si kupunguza shilingi hamsini.

Omera_Nyalenda:
Mimi kwa milango mingi sikubaliani. Mabaunsa wenyewe ndio huingiza watu kwa mlango wa nyuma wakipewa mia mbili. Lango moja unaweza kulisimamia kwa macho yako. Ukipata hasara mwaka huu, mwaka ujao hakuna tamasha.

Fundi_Mitambo:
Omera, hoja ya hasara naielewa. Malango ya kuingilia yaweza kuwa machache, lakini ya kutokea hapana. Kwenye tamasha la muziki la Duisburg, Ujerumani, tarehe 24 Julai 2010, waliokuwa wakiingia na waliokuwa wakitoka walikutana kwenye njia moja ile ile. Watu 21 walikufa. Na tusiende mbali: Kericho, sherehe za Siku ya Mashujaa 2023, wanne walikufa kwenye msongamano.

Ombeni mwenye kiwanja ruhusa ya kufungua ukuta sehemu mbili upande wa nyuma. Mageti yafunguke kwa nje, yawe na komeo tu bila kufuli, na kila moja liwe na mtu wenu wa kuaminika hadi mwisho. Asiwe baunsa wa kukodi.

Mzee_wa_Zamu:
Kijana wangu, wengine wamesema ya lango, mimi nasema ya jukwaa. Mvua ya jioni ya Kisumu mnaijua, upepo hutangulia. Indiana, Marekani, tarehe 13 Agosti 2011, upepo wa dhoruba uliangusha paa la jukwaa, watu saba wakafa. Onyo la hali ya hewa lilikuwa limetoka. Uchunguzi ulionyesha kuwa haikuwa wazi nani ana mamlaka ya kusimamisha onyesho. Mchagueni mtu huyo sasa, na iandikwe hata kwenye mkataba wa msanii kwamba akisema shukeni, mnashuka.

Kuhusu kukata: punguza wasanii, punguza taa za madoido. Ambulensi, vyoo, maji ya kunywa na jenereta ya pili usiguse. Na kibali cha kelele kifuateni kaunti mapema. Katiba ya 2010 iliwapa wao kazi hiyo. OCS, mkuu wa kituo cha polisi, naye asisikie habari zenu kwa bango la barabarani.

Kijana_wa_Mamboleo:
Asanteni sana, wakubwa. Hesabu ya foleni naipeleka kikaoni Jumamosi, na jina la wa kusimamisha onyesho nataka litoke siku hiyo hiyo. Vizuizi vya chuma vya kukodi vinapatikana hapa au ni mpaka Nairobi?

Mama_Tiketi:
Hapa vipo, lakini Desemba kila mtu anavitaka, harusi na mikutano pia. Lipia sehemu mwezi huu, na uvihesabu mwenyewe kabla hujatoa pesa.