Programu ya skana kwenye Linux Mint kwa nyaraka za zamani

Katibu wa Chama:
Ndugu wanajamvi, salaam. Nimepewa kazi ya kuhifadhi kwenye kompyuta barua na mihtasari ya vikao vya chama chetu cha akiba na mikopo. Kompyuta inatumia Linux Mint na skana ni Canon LiDE 220. Simple Scan iliyokuja na mfumo inaitambua skana bila taabu, lakini nikiskani kwa rangi, nukta 600 kwa inchi, faili la kurasa arobaini linakuwa zito mno kutumwa kwa barua pepe, na siwezi kutafuta neno ndani yake. Je, ninunue VueScan, programu ya skana ya kulipia?

Fundi Mstaafu:
Ndugu Katibu, usitoe fedha bado. Simple Scan, XSane na gscan2pdf zote huipata picha kupitia SANE, yaani mkusanyiko wa viendeshi vya skana vya Linux, kwa hiyo ukihama kutoka moja kwenda nyingine picha itabaki ileile. VueScan huja na viendeshi vyake, na huwafaa zaidi wale ambao skana yao haijulikani na SANE, yako inajulikana. Shusha hadi nukta 300 na uchague rangi ya kijivu: data ghafi ya kila ukurasa itabaki takriban sehemu moja ya kumi na mbili. Kisha weka gscan2pdf pamoja na kifurushi cha tesseract-ocr-swa, ambacho ndicho kinachoiwezesha Tesseract, programu inayogeuza picha ya maandishi kuwa maandishi yanayotafutika, kusoma Kiswahili.

Mkutubi:
Naongezea kidogo. Kurasa ulizokwisha kuskani usizirudie. Amri hii ya programu ya ocrmypdf, ambayo nayo hutumia Tesseract, inaongeza maandishi yanayotafutika kwenye faili lililopo:

`ocrmypdf -l swa barua.pdf barua-mpya.pdf`

Hata hivyo, mihtasari iliyoandikwa kwa mkono usiitarajie isomeke, kwa sababu Tesseract imefundishwa herufi za chapa. Kwa mihtasari hiyo, lipe kila faili jina linaloanza na tarehe ya kikao. Na ikiwa daftari limejalidiwa, maneno yaliyo karibu na mshono yatatoka na ukungu, kwani skana nyembamba za aina hiyo huona vizuri kile tu kilicholala juu ya kioo. Hapo hakuna programu itakayokusaidia.

Katibu wa Chama:
Nashukuru sana. Nimejaribu barua kumi za tapureta, na sasa nikitafuta neno “mkopo” linapatikana, ingawa “mwenyekiti” limesomwa “rnwenyekiti” mahali ambapo wino umefifia. Tatizo lililobaki ni nakala za kaboni: karatasi ni nyepesi mno, na maandishi ya upande wa pili yanajitokeza.

Mkutubi:
Weka karatasi nyeusi nyuma ya kila ukurasa kabla ya kufunga kifuniko. Kile cheupe ndicho kinachorudisha mwanga na kuyafanya maandishi ya nyuma yaonekane. Ukurasa utatoka na weusi kidogo. Ongeza mwangaza, na usome upya maneno machache kabla ya kuendelea na rundo zima.